Miombo ya Tabora inakwisha: ni bani la tumbaku, tanuru la mkaa, ng'ombe au mvua yenyewe?

#1 Kazeh77
Wakuu salaam.

Nasema wazi na nitatetea: kinachoukausha mkoa wa Tabora ni bani la tumbaku, lile banda la kukaushia majani kwa moto wa kuni. Mkaa unasingiziwa kwa sababu uko barabarani, gunia limevaa kilemba, kila abiria wa basi analiona. Kuni za bani hazipangwi barabarani. Zinatoka porini kwa tela la trekta, zinaingia shambani na zinaishia humo humo.

Tumbaku yetu ni ya mvuke, haianikwi juani. Unapakia majani mabichi kwenye bani, unawasha, na moto hauzimwi usiku na mchana karibu wiki nzima, mpaka kikonyo cha katikati kikikunjwa kinavunjika. Kisha unapakia tena, maana shamba linavunwa kwa awamu, majani ya chini kwanza. Hesabuni wenyewe mabani kuanzia Usoke mpaka Kaliua, halafu mniambie mtu wa gunia mbili tatu za mkaa anaingia wapi.

Hapo hatujagusa shamba lenyewe. Tumbaku inakula rutuba na inaleta minyoo fundo ya kwenye mizizi, kwa hiyo baada ya misimu michache mkulima anatafuta ardhi mbichi. Ardhi mbichi ni msitu. Jangwa linaingia hivyo, ekari moja moja, tena kwa baraka za kikao cha kijiji.

Karibuni, matusi pembeni.

#2 EmbeSindano
Nimekaa pale. Uzi mzito kama huu bila picha hata moja? Weka picha mkuu.

#3 Tanuru_Bichi
Kazeh77 asante kwa kututetea, sijawahi kuona mtu anamtetea mchoma mkaa humu ndani.

Mimi ndiyo kazi yangu na sijifichi. Watu wa mjini wanadhani naingia porini na panga nachagua mti. Sehemu kubwa ya mkaa wangu inatoka kwenye mashamba mapya. Mtu kafyeka anataka kupanda mahindi au hiyo tumbaku, magogo yamelala, asiponiita mimi anayakusanya na kuyachoma moto hapo hapo yawe majivu. Mimi nampa hela, napanga tanuru, nafukia kwa majani na udongo, namwachia shamba limesafishwa. Sasa mti huo kaua nani, mimi au mahindi?

#4 KotaZaReli
Wote wawili mnazunguka. Semeni ukweli: ng'ombe. Mimi nimekulia Tabora, zamani ukitoka Sikonge kwenda Ipole ulikuwa huoni mbali kwa miti. Wamekuja ndugu zetu kutoka kaskazini na makundi yao, wamekaa misimu mitatu, pori limekuwa uwanja wa mpira. Wakimaliza wanahamia Katavi, wakimaliza Katavi wanaenda Rukwa. Sasa hivi wako Lindi huko.

#5 NgoshaWaZiba
Mwangaluka wakuu. Nilijua tu itafika kwa ng'ombe kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

@KotaZaReli wa Lindi wengi walitoka bonde la Ihefu kule Mbeya, waliondolewa kwa amri ya serikali mwaka 2006 baada ya bwawa la Mtera kukauka na nchi kuingia kwenye mgao wa umeme. Hawakuondoka kwa kupenda kutalii. Na kila mahali wanapoondolewa, wanakwenda mahali pengine ambapo nyasi bado zipo, wanabanana na waliokuwepo, halafu mnasema mnaona uharibifu. Mnauhamisha wenyewe kwa malori.

#6 Mgebuka_Mkavu
Sisi wa mwisho wa reli, Kigoma, tunawaangalia tu mnavyogombania kivuli. Huku mvua bado inatukumbuka.

Lakini nisicheke sana. Nendeni Kasulu, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Miaka ya mwanzo kuni zilikuwa nyuma ya hema. Baadaye akina mama wakawa wanatoka alfajiri, wanarudi mchana na mzigo kichwani, na njiani wanakutana na kila aina ya shari. Hakuna aliyekuja na nia ya kuharibu. Umeweka maelfu ya watu kwenye eneo moja, umewapa mahindi na maharage makavu yanayochemka saa kadhaa, hukuwapa cha kupikia. Ulitegemea nini?

#7 EmbeSindano
Mgebuka na wewe acha kujisifia mvua, ukame ukianza kupanda treni kituo chake cha mwisho ni kwenu.

#8 BwanaShambaMstaafu
Vijana, hamjambo. Niliwahi kuwa mtu wa ugani wilaya kadhaa za mkoa huu, niseme kidogo. Mnabishana nani kakata. Kukata peke yake hakuui miombo.

Chukua mtundu au myombo, miti yenyewe ya miombo. Ukate mwezi wa saba, mwezi wa kumi kabla hata mvua haijaanza utakuta kisiki kimezungukwa na machipukizi mekundu kama kimevaa taji. Mizizi iko hai, maji iko nayo chini. Ukikiacha, baada ya miaka kadhaa una miti tena, si mmoja, mitatu minne kutoka kisiki kimoja. Miombo imekatwa na kurudi tangu enzi za watemi. Wafua chuma wa zamani walichoma mkaa hapa hapa.

Kinachoua ni yanayofuata baada ya kukata, na yako matatu, tena huwa yanakuja pamoja. La kwanza plau. Babu yako alilima kwa jembe la mkono, akazunguka kisiki. Maksai na trekta havizunguki, kwa hiyo visiki vinang'olewa au vinachomwa mpaka mzizi. La pili moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, unakuta chipukizi lina urefu wa goti na nyasi zimekauka kabisa, unalirudisha sifuri kila mwaka. La tatu kinywa cha mifugo, hasa mbuzi, kwenye chipukizi lililonusurika moto. Fanya hayo miaka mitano mfululizo, hifadhi ya chakula kwenye mizizi inaisha, kisiki kinakufa kweli. Hapo ndipo udongo unabaki uchi.

Na udongo wetu wa juu ni luseni, mchanga mtupu wenye rutuba sentimita chache. Fanya jaribio dogo: mwaga kopo la maji chini ya mti wenye majani yaliyooza, maji yanazama hata hujainua kopo. Mwaga kopo hilo hilo kwenye shamba lililoachwa wazi. Yanasimama, yanatafuta mteremko, yanaondoka na rangi ya chai ya maziwa. Matone ya mvua yanapiga udongo uchi, chembe ndogo zinaziba matundu, juu panajifunga utando mgumu. Mvua inaweza kuwa ile ile ya mwaka jana kwenye kipimo, lakini iliyoingia ardhini ni robo yake. Mkulima anasema mvua imepungua. Kisima kinakubaliana naye.

#9 Kazeh77
Shikamoo mzee. Hili la plau limeniingia. Ila angalia, umenisaidia mimi: nani anang'oa visiki kwa mashindano kuliko mtu wa tumbaku? Matuta ya tumbaku yanataka shamba safi.

#10 NgoshaWaZiba
Na mahindi? Na pamba? Na alizeti? Kazeh77 wewe una kesi na tumbaku tu, sema walikunyima malipo tujue.

#11 Kazeh77
😂 Walinichelewesha, ndiyo. Haihusiani.

#12 SautiYaNyika
Wakuu mnajadili vitu vidogo wakati ukweli uko wazi. Sahara inashuka kusini kilomita 5 na nusu kila mwaka. Ni hesabu tu, itafika. Hata mkiacha kukata miti yote.

#13 Kipimamvua
@SautiYaNyika hiyo namba ina historia, na historia yake haiiungi mkono.

Ilitoka Sudan mwaka 1975. Mtaalamu aitwaye Lamprey alizunguka kwa ndege na gari, akalinganisha mpaka wa mimea alioukuta na ramani ya mwaka 1958, akagawa tofauti kwa miaka. Shida ni kwamba 1958 ilikuwa katikati ya miaka ya mvua nzuri Sahel, ule ukanda wa kusini mwa Sahara, na 1975 watu wanatoka kwenye ukame mkali ulioanza mwishoni mwa miaka ya sitini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walirudi Sudan miaka ya themanini, wakakosa hilo jangwa linalotembea kwa mstari. Baadaye picha za setilaiti zikaonyesha ukingo wa Sahara unasogea kusini mwaka wa ukame na kurudi kaskazini mwaka wa mvua. Unapumua. Na kati ya Sahara na Tabora kuna Sudan Kusini, Uganda na Ziwa Viktoria zima, kwa hiyo lala salama.

Kuharibika kwa ardhi hakuji kama wimbi la mchanga. Kunatokea kwa viraka: kuzunguka kisima, kuzunguka lambo, kando ya mji, kwenye njia ya ng'ombe. Viraka vikikutana ndipo unaona eneo limegeuka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na jangwa wa mwaka 1994, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1997, unataja sababu za aina mbili kwa pamoja: mabadiliko ya hali ya hewa na shughuli za binadamu. Hawakuchagua moja.

#14 SautiYaNyika
Sawa profesa. Lakini miti ikiisha mvua inaisha, hilo huwezi kulipinga, tumefundishwa shule ya msingi.

#15 Kipimamvua
Nusu nakubali, nusu napinga.

Mwaka huo huo 1975 mtaalamu wa Marekani, Charney, alitoa wazo kwamba mifugo ikimaliza nyasi, ardhi uchi inarudisha mwanga mwingi wa jua angani, hewa ya juu inapoa na kushuka badala ya kupanda, mawingu hayajengeki, ukame unajizalisha. Wazo zuri sana, likatumika miaka mingi kumlaumu mfugaji wa Sahel. Baadaye ikaonekana ule ukame mkubwa kwa sehemu kubwa ulifuata joto la bahari, Atlantiki na Hindi, maelfu ya kilomita kutoka kwa ng'ombe wa mtu yeyote. Ardhi ilichangia kuurefusha.

Kwetu vivyo hivyo. Tabora mjini inapata milimita 900 na ushee kwa mwaka, msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Unyevu unakuja na pepo kutoka Bahari ya Hindi na kutoka Kongo. Misitu inarudisha sehemu ya maji hewani, hilo lipo. Lakini ukikata miti yote ya Uyui, mvua ya Uyui haitasimama mwaka kesho. Kitakachobadilika haraka ni alichosema BwanaShambaMstaafu: maji yanayoingia ardhini.

#16 MamaMichembe
Habari zenu. Nimesoma yote mpaka hapa, sijaona mwanamke hata mmoja, ila kuni mmezitaja kila mstari.

Sisi tunaookota kuni za kupikia hatukati mti mbichi. Kuni mbichi inatoa moshi, inakuliza, chakula kinachelewa. Tunaokota matawi makavu, tunavunja kwa mguu, tunafunga kwa kamba ya gome. Kila mwaka semina zinakuja kutuambia wanawake mnamaliza misitu. Anayeshika shoka la mti mzima ni baba, na anaukata kwa ajili ya bani, tofali za kuchoma au nguzo. Tofali mmezisahau kabisa! Angalieni nyumba zote mpya kuanzia Ipuli mpaka Kiloleni, tanuru la tofali linakula magogo mazima.

Tuliambiwa pia tuhamie gesi. Mtungi nimenunua. Ukiisha, kuujaza mpaka niuze michembe ya wiki nzima. Nikirudi kwenye mafiga msinilaumu.

#17 Tanuru_Bichi
Mama umenena. Ila wateja wangu wa mjini wanasema wali wa gesi hauna ladha, sijui nani kawadanganya, Mungu ambariki.

#18 Mgebuka_Mkavu
Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Na mkakati wa taifa unasema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tanuru_Bichi anza kutafuta kazi nyingine.

#19 Tanuru_Bichi
2034 nitakuwa nimeshastaafu mkuu, tena kwa heshima.

#20 Mtundu_na_Myombo
Mimi mfuga nyuki, baba yangu mfuga nyuki, nikae kimya?

Moto mzee kautaja kwa ufupi, mimi nautaja kwa uchungu. Moto wa mwezi wa tano na wa sita nyasi zina unyevu, unapita chini, mti hauhisi. Huo ni mzuri, wazee waliutumia kukata njia. Moto wa mwezi wa tisa unapanda mpaka kwenye mzinga. Nani anawasha? Mwindaji anataka aone mnyama. Mchungaji anataka nyasi changa. Mkulima anasafisha shamba unamtoroka. Na sisi wenyewe, tusisingizie wengine, kuna mrina asali anadondosha kienge chake cha moto chini na kuondoka.

Sasa aibu yetu nyingine. Mizinga ya magome. Unabandua gome la myombo mzima mzima kuzunguka mti, unalikunja, unashona, una mzinga. Mti ule unakufa umesimama. Asali ya Tabora inasifiwa nchi nzima na watu hawajui kila mzinga wa gome una mti wake uliokufa. Wa mbao na wa kisasa upo, lakini una bei.

#21 KotaZaReli
Duh. Kwa hiyo hata asali. Basi tusile kitu.

#22 Takwimu_Mjomba
Nawaletea namba mpunguze hisia. Sensa ya 2012 mkoa wa Tabora ulikuwa na watu milioni 2.29. Sensa ya 2022 milioni 3.39. Watu milioni 1.1 wameongezeka ndani ya miaka kumi. Kila mmoja anakula ugali, ugali unatoka shambani, shamba linatoka msituni. Hiyo ndiyo sababu, mengine ni maelezo.

Na kitaifa tunapoteza hekta 372,000 za msitu kila mwaka.

#23 Kipimamvua
Hiyo 372,000 ni ya tathmini ya misitu ya zamani kidogo. Takwimu ya serikali inayotajwa sasa ni karibu hekta 469,000 kwa mwaka.

#24 Takwimu_Mjomba
Kwa hiyo hoja yangu imepata nguvu zaidi. Asante kwa msaada.

#25 NgoshaWaZiba
Mjomba, watu kuongezeka si jibu kamili. Nawapeleka jirani hapo juu, Shinyanga.

Miaka ya 1920 mpaka 1940 wakoloni walifyekesha miti Usukumani kuua ndorobo, yaani mbung'o. Swynnerton, mkubwa wa utafiti wa ndorobo, alikuwa na kituo chake Shinyanga kabisa. Wazee wetu walitolewa na mashoka, mapori yakaenda chini, mbung'o wakaisha, ng'ombe wakajaa, pamba ikafuata. Miaka ya sabini tukasogezwa kwenye vijiji vya ujamaa. Ngitili, yale malisho ya akiba kila kaya iliyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wale kiangazi, yakabaki kule tulikohamishwa, hayana mwenyewe. Katikati ya miaka ya themanini Mwalimu akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Ukimuuliza mtu wa mjini nani alileta jangwa lile atasema Msukuma na ng'ombe wake. Hataji amri hata moja kati ya zile.

Halafu ukaja mradi wa HASHI mwaka 1996, watu wakarudishiwa ngitili.

#26 BwanaShambaMstaafu
HASHI ni 1986, Ngosha. Hifadhi Ardhi Shinyanga. 1996 ilikuwa imeshakomaa. Nyongeza: mwanzoni walileta miche ya kwenye vitalu, watu wakapokea kwa adabu na haikwenda mbali. Walipogeukia ngitili, kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari, eneo likapanda kutoka hekta mia chache mpaka zaidi ya 300,000. Na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti mingi ile haikupandwa na mtu. Ilitoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa imelala.

#27 NgoshaWaZiba
Tarehe tusigombane mzee, cha muhimu ngitili ni zetu. Na watu na mifugo hawakupungua Shinyanga wakati ule. Waliongezeka, na miti ikaongezeka. Mjomba aeleze hapo.

#28 Takwimu_Mjomba
Naeleza: waliozidi walihamia kwenu Tabora. Rejea #4.

#29 EmbeSindano
🔥🔥 Mjomba anapiga chini ya mkanda.

#30 KotaZaReli
Ndiyo maana nilisema mapema. Suluhisho liko wazi, Kondoa walifanya. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na makorongo. Nyasi zikarudi, miti ikarudi.

#31 Kipimamvua
Zilirudi, kweli. Ila waliochimba mchanga wa zamani kwenye vilima vya Irangi, huko huko Kondoa, walikuta tabaka za mmomonyoko za kale sana, nyingine za maelfu ya miaka, kabla hapajawa na mifugo kwa wingi ule. Miteremko ile ilikuwa inaanguka yenyewe, binadamu akaja kuiharakisha. Na ng'ombe waliotolewa mwaka 1979 hawakuyeyuka. Walikwenda kwa jirani.

#32 Mzawa_wa_Ulyankulu
Kabla mtu hajatufikia, najileta mwenyewe. Wazazi wangu walitoka Burundi mwaka 1972, wakapangiwa Ulyankulu, pori la ndorobo. Waliambiwa fyekeni mlime, mjitegemee. Wakafyeka. Tumbaku waliletewa kama zao la kuwatoa kimaisha na kweli ikatutoa, ada zetu zimelipwa na tumbaku. Leo uraia tunao, tunapiga kura, halafu kwenye nyuzi za mazingira tunakuwa tena wakimbizi waliomaliza miti. Kwetu kila familia ilipewa eneo la kipimo na likabaki hilo hilo, wajukuu wanagawana. Mtu mwenye kipande kidogo hapumzishi shamba hata akitaka.

#33 MamaMichembe
Pole mwanangu. Umesema la maana kuliko wengi, kupumzisha shamba. Bibi yangu alikuwa na mashamba matatu, mawili yamelala.

#34 Kazeh77
Naomba nirudishe uzi relini. Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Urambo na matrekta, ule mradi mkubwa wa karanga pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walilaza msitu kwa minyororo, mwaka 1951 wakafunga virago, karanga hakuna. Ardhi ikabaki wazi, ikatafutiwa kazi, kazi yenyewe ikawa tumbaku. Kwa hiyo mnaponiambia plau, watu wengi, sijui wahamiaji, mimi naona mnyororo mmoja: mtu wa mbali anataka zao, wa hapa anatoa msitu. Mabani yalirithi kazi ya matrekta.

#35 Tanuru_Bichi
Kwa hiyo kosa ni la Malkia. Nimekaa pale na EmbeSindano.

#36 EmbeSindano
Sogea kidogo basi, nafasi ipo. Mwaka 1947 ni Mfalme lakini, Malkia alikuwa bado binti.

#37 Jembe_na_Mkataba
Mimi mkulima wa tumbaku, nimesubiri mpaka mmalize kunitukana.

Kwanza, mabani sanifu yapo, tanuri lake limejengwa vizuri, kuni zinapungua sana ukilinganisha na lile la udongo la zamani lenye nyufa linalopasha joto kijiji kizima. Si kila mtu analo kwa sababu linahitaji tofali, mabomba ya bati na fundi anayejua. Pili, mkataba wa tumbaku unanitaka nipande miti na ninapanda. Mikaratusi. Naikata baada ya miaka kadhaa nakaushia. Sasa niambieni, mkulima wa mahindi amepanda miti mingapi? Muuza mkaa je? Katika uzi huu wote anayepanda ni mimi.

#38 BwanaShambaMstaafu
Jembe, unasema kweli na nakupongeza. Lakini miche inahesabiwa siku ya kugawiwa, haihesabiwi kiangazi cha pili. Nimeona ofisini kwa chama kimoja cha ushirika daftari limejaa maelfu ya miche, nikaomba tupelekwe shambani. Tukakuta vijiti. Mingine imeliwa na mchwa, mingine na mbuzi wa mwenye shamba mwenyewe. Na mikaratusi kwenye bonde lenye chemchemi ni kujitafutia kesi na jirani wa bondeni.

#39 Jembe_na_Mkataba
Mchwa sikuwaajiri mimi mzee. Tukiletewa miche mwezi wa pili mvua ikiwa inakaribia kuisha mnategemea nini? Iletwe Desemba, tuone nani mvivu.

#40 Mtundu_na_Myombo
Kwa nini upande kabisa? Dodoma wanafanya kisiki hai. Unakwenda kwenye kisiki chenye machipukizi kumi na tano, unachagua matatu au manne yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unapogoa, unafunga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mwenye panga wajue huyu ana mwenyewe. Basi. Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia, mizizi iko chini miaka mingi. Niger walianza hivyo miaka ya themanini, na inatajwa kuwa mashamba ya hekta karibu milioni 5 yamepata miti tena. Niger, ambako kweli kuna jangwa.

#41 Kazeh77
Na kuni za bani utatoa kwenye machipukizi yenye kitambaa?

#42 Mtundu_na_Myombo
Nitakupa zile ulizopogoa. Uwe mvumilivu.

#43 KotaZaReli
Kitambaa cha rangi na ng'ombe wa Ngosha wapi na wapi, ng'ombe hajui kusoma.

#44 NgoshaWaZiba
Ng'ombe hajui, mimi najua. Kwetu ukiingiza mifugo kwenye ngitili ya mtu kabla ya muda unaitwa kwenye dagashida, baraza letu la jadi, mbele ya wazee, unalipa, na aibu juu. Mtoto wa miaka tisa anayechunga anaijua mipaka yote. Nyie mnaweka bango la bati lenye nembo ya mradi, mradi ukiisha mtu anaezekea banda la kuku.

@KotaZaReli njoo Ziba siku ya mnada ujionee. Uje kabla ya Desemba tu, mbuga ikilowa bodaboda hapiti, utasukuma wewe.

#45 KotaZaReli
Nauli unatuma au?